Swali Nililolipeleka London

Mtu akirudi safarini huulizwa, "Umetuletea nini?" Mimi safari hii nalileta jibu, maana nalikwenda na swali.

Mama yetu, kwetu Kibosho, alikuwa na ugonjwa wa kusahau kwa miaka saba. Alianza kwa kusahau sufuria motoni, mwisho akatusahau sisi wanawe. Daktari alimpa donepezili, kidonge kimoja kila jioni. Sasa alikuwa hatoki kitandani, amekonda sana, na daktari ametuambia kwamba kilichobaki ni kumtuliza mpaka Mungu atakapomwita. Je, kidonge kiendelee? Dada yangu mkubwa alisema kukiacha ni kumwua mama. Kaka alisema kumlazimisha kumeza ni kumtesa. Wakawa hawasemezani. Nami nilikuwa sina budi kwenda London kumwoza mpwa wangu, binti wa marehemu dada yetu, aliye muuguzi huko. Wakaniambia, "Ukamwulize."

Siku ya tatu mpwa wangu akanipandisha basi jekundu la ghorofa mpaka Hackney, mashariki ya jiji. Tulishuka karibu na mfereji wa Regent, uliofunguliwa mwaka 1820 kupitishia mashua za mizigo. Siku hizi watu hutembea kando yake na mabata huogelea. Hatua chache tu, katika barabara ya Mare Street yenye kelele za magari, akanionyesha nyumba ya Mtakatifu Yosefu.

Masista kutoka Ireland waliifungua mwaka 1905 kwa ajili ya maskini wa mtaa ule waliokuwa kufani. Mwaka 1958 alikuja hapo daktari mmoja, mwanamke, aitwaye Cicely Saunders, ambaye zamani alikuwa muuguzi. Aliona kwamba mgonjwa akipewa mofini kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi, hutulia na kuweza kuongea na watu wake. Mwaka 1967 akafungua nyumba ya St Christopher's, kusini ya jiji, na utunzaji wa namna hiyo ukaenea duniani. Kampala una nyumba yake tangu mwaka 1993.

Tukaketi kando ya mfereji, nikamweleza yote.

"Mjomba," akasema, "msianze na kidonge, anzeni na bibi. Kidonge kile hakiponyi. Husaidia akili kidogo, kwa muda. Msikidharau: mwaka 2012 madaktari wa hapa walitangaza uchunguzi wa wagonjwa 295 ambao ugonjwa wao ulikuwa umezidi, na walioendelea nacho walihifadhi akili kuliko walioachishwa. Lakini wale walikuwa hawajafika alipofika bibi. Je, mnaona kwa macho kwamba bado kinamsaidia? Anameza? Anachefuka, anakataa chakula, moyo unapiga polepole mno? Hayo kidonge chenyewe huweza kuyaleta."

"Na tukikiacha?"

"Msikiache wenyewe. Kama anameza, daktari hupunguza kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, huku mkimwangalia. Akihangaika sana, aweza kurudishiwa. Asipoweza kumeza, asilazimishwe, maana atapaliwa. Ila dawa ya maumivu haiachwi. Hiyo hutafutiwa njia nyingine."

Niliporudi tulikwenda kwa paroko. Akatueleza kwamba Papa Pius XII aliwafundisha madaktari mwaka 1957 kuwa hatulazimishwi kushika kila tiba, hasa inapokuwa mzigo mkubwa usio na faida. Lakini kumlisha mgonjwa kadiri awezavyo, kumwogesha, kumlowesha midomo, hayo ni haki yake mpaka mwisho.

Daktari akapunguza kidonge nusu, na baada ya majuma manne akakiondoa. Akili ya mama haikubadilika tuliyoweza kuiona. Ila kichefuchefu kilikwisha, akaanza kupokea vijiko vya uji.

Dada yangu hakuiacha ile saa ya jioni. Kila siku, wakati uleule aliokuwa akimpa kidonge, aliketi kitandani na bakuli la uji, na kaka akimwinua mama kichwa. Ndivyo walivyoanza tena kusemezana. Mama alifariki baada ya miezi miwili, amepakwa mafuta matakatifu, sisi sote tukiwapo.

Basi, ndugu, ikiwafikia nyumbani kwenu, msigombane juu ya kidonge. Mwiteni daktari, mwiteni padre, kisha mtazameni mgonjwa.