Si mjinga, amekosa wa kumtazama

KUNA watoto ambao kila ripoti inayoletwa nyumbani mwisho wa muhula huwa na maneno yale yale: "Mzembe, aongeze bidii." Mzazi akisoma hufoka, mtoto hulia, na muhula unaofuata mambo huwa vile vile. Mpenzi msomaji, huenda mmoja wao yumo nyumbani mwako.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayeishi mtaa wa Umoja hapa Nairobi, alikuwa mmoja wao. Hadi darasa la tatu alikuwa akivuta mkia. Akiitwa haitiki, akiulizwa hili hujibu lile. Walimu walimwita mkaidi, na adhabu hazikumpita. Kumbe alikuwa akitokwa na usaha masikioni tangu utotoni, na uwezo wake wa kusikia ulikuwa umepungua. Huko nyuma alikoketi, sauti ya mwalimu ilimfikia kama mvumo tu.

Aliyeligundua jambo hilo ni mwalimu aliyekuwa amehamia shule hiyo karibuni, na ambaye alikuwa amesomea elimu maalumu. Alisimama nyuma ya kijana, akamwita kwa sauti ya chini, akaona hageuki. Juma hilo hilo alimwita dada yangu.

"Mama," alimwambia, "mtoto huyu si mjinga. Hasikii vizuri. Mpeleke akapimwe."

Alitibiwa masikio hospitalini, kisha akapelekwa katika kituo cha kutathmini watoto. Vituo hivyo vilianzishwa nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Kazi yao ni kuchunguza mtoto ana shida gani, na kuwashauri wazazi na walimu namna ya kumsaidia. Miaka miwili baadaye, 1986, ilianzishwa taasisi ya KISE iliyoko Kasarani, ambayo hufunza walimu wa elimu maalumu.

Lakini kupimwa ni mwanzo tu. Ripoti ya kituo ikifungiwa kabatini shuleni haimfai mtoto. Mwalimu yule aliifanyia kazi. Alimhamishia kijana dawati la mbele. Aliwaomba wenzake wamtazame usoni wanaposema, wala wasizungumze huku wameuelekea ubao. Alikuwa na daftari la maendeleo yake, na kila muhula alikaa na dada yangu wakapima lililofaa na lisilofaa. Kufikia darasa la tano, mkia ulikuwa umepata mwingine wa kuuvuta.

Kisha mwalimu akapewa uhamisho. Haukupita muda, kijana akarudishwa nyuma ya darasa. Dada yangu alienda kwa mwalimu mkuu akauliza ni nani aliyeachiwa lile daftari. Hakupata jibu. Ikambidi kila muhula abebe nakala ya ripoti mwenyewe, amweleze kila mwalimu upya.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Msaada ule ulitegemea moyo wa mtu mmoja, nao uliondoka naye. Huko Uingereza, kanuni za mwaka 1994 zilileta cheo cha mwalimu mratibu wa wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na leo sheria inazitaka shule za kawaida za umma ziwe naye. Huweka kumbukumbu, huwashauri walimu wenzake, huwaita wataalamu na kuzungumza na wazazi. Akiondoka, nafasi yake sharti ijazwe.

Sisi tunayo Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule zinazomchanganya na wenzake. Tunayo pia sera ya 2018 inayohimiza jambo lilo hilo. Hata baraza la mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa na za Braille, na kuwapa muda wa ziada wanaostahili. Lakini ni lazima shule itoe habari mapema. Je, ni nani atakayekumbuka iwapo si kazi ya mtu yeyote?

Mzazi, utakapoitwa mkutanoni shuleni, usiulize alama pekee. Inuka uulize: hapa kwetu, ni nani mwenye kazi ya kuwaangalia watoto wanaosoma kwa shida? Na akihamishwa kesho, daftari lake atamwachia nani?