Wanga, Mbio na Sinia ya Nyumbani

Imeingia mitaani mwetu desturi ya vijana kuukimbia wanga. Kijana anayecheza mpira kila alasiri huusukuma kando wali, muhogo na chapati, akala mayai na nyama tu, kwa kuwa ameambiwa kwamba mwili uliozoea mafuta hauchoki. Wazazi wametuuliza rai yetu, nasi twaitoa.

Madai hayo yana sehemu ya ukweli. Gramu moja ya mafuta hubeba nguvu zaidi ya maradufu ya gramu ya wanga. Lakini kupata nguvu ile ile kutokana na mafuta kwahitaji oksijeni zaidi. Anayetembea polepole hana dhiki ya pumzi. Anayeufukuza mpira dakika ya 80 hana pumzi ya kupoteza. Hapo misuli huitegemea sukari iliyowekwa akiba, nayo hutokana na wanga.

Jambo hili limepimwa. Louise Burke na wenzake nchini Australia waliwafanyisha mazoezi wanariadha mahiri wa kutembea kwa kasi kwa takriban wiki 3. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa waliokula wanga wa kutosha walipunguza muda wao wa kilomita 10. Waliokula mafuta mengi walizoea kweli kuyatumia, ila kasi yao haikuongezeka. Nao wakimbiaji wetu wa Kikalenjin, katika utafiti wa mwaka 2004, walipata zaidi ya robo tatu ya nguvu zao kutoka kwenye wanga, ugali ukiwamo.

Hata hivyo, tusiipime sahani ya baba kwa haja ya mwana. Mzee mwenye kisukari aliyeshauriwa na daktari apunguze wanga, na afuate ushauri huo. Wala asijipunguzie mwenyewe akiwa anatumia dawa za kushusha sukari, kwani yaweza kushuka ikamhatarisha.

Taabu huja pale nyumba nzima inapolishwa kwa haja ya mmoja: mwana akaenda uwanjani hana nguvu, au baba akala wali asiouweza kwa kuwaonea haya wageni. Sinia ni moja, mikono ni mingi, na kila mwili ni amana ya mwenyewe. Mama anayempakulia mwanawe wali na mumewe samaki na mchicha hakubagua. Amempa kila mmoja haki yake.