Neno Lisilotulia: Sheng ya Eastlands na Mtambo wa Utafutaji

Kwa kijana aliyekulia mtaa wa Umoja katika miaka ya 1990, wimbo haukuwa kitu cha kutafutwa. Ulimjia wenyewe: ndani ya matatu, kwa kinyozi, au kutoka dirisha la jirani aliyependa kufungulia redio kaseti kwa sauti ya juu. Vijana wa Kalamashaka kutoka Dandora walipotoa "Tafsiri Hii" mwaka 1997, hadhira yao ya karibu ilikuwa watu ambao wangeweza kukutana nao kituoni kesho yake na kuwauliza maana ya neno fulani. Fanani na hadhira walikuwa abiria wa gari moja. Utungo ulisifiwa, ulidhihakiwa au ulijibiwa pale pale, na hukumu hiyo ilikuwa na uso na jina.

Lugha ya tungo hizo ilifungamana na mazingira hayo. Abdulaziz na Osinde, katika makala yao ya mwaka 1997, waliweka chimbuko la Sheng mitaani Eastlands, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watoto wa familia zenye lugha mbalimbali za mama, waliobanana katika nyumba ndogo, walihitaji msimbo ambao wazazi wao wasingeufahamu. Kwa hivyo, Sheng haikuzaliwa ili ieleweke na kila mtu. Ilizaliwa ili ieleweke na baadhi na iwapite wengine. Polisi aliyeitwa karao akaja pia kuitwa sanse, kwa kuwa neno likishafahamika na anayesemwa hupoteza kazi yake. Uhai wa neno la Sheng umo katika kuhama kwake.

Mtambo wa utafutaji unadai kinyume cha hayo. Unadai neno litulie, liandikwe, na liandikwe hivyo hivyo na watu wengi. Matatu katika maandishi ya vijana ni mathree, mathrii au ma3. Mtambo hukisia tahajia kwa kufuata yale ambayo wengi wamekwisha kuandika, na hivyo desturi ya wengi hugeuka kuwa kanuni bila ya mwanaisimu yeyote kushauriwa. Kampuni ya Google ilifungua ofisi yake Nairobi mwaka 2007. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilifika Mombasa, na mwaka huo huo Kiswahili kikaingizwa katika programu ya tafsiri ya kampuni hiyo. Kiswahili sanifu kilikuwa na akiba ya magazeti, kamusi na vitabu vya kuulisha mtambo. Sheng, ambayo kamusi yake kuu ni kumbukumbu ya wasemaji, ilikuwa na akiba ndogo mno ya maandishi.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuliona jambo hili kuwa hasara tupu. Mwaka 2018 kundi la Ethic, la mtaa huo huo wa Umoja, lilitoa "Lamba Lolo" kupitia YouTube, pasipo kulazimika kwanza kumbembeleza mtangazaji wa redio. Mwaka uliofuata "Wamlambez" ya Sailors ikawa mwito na kiitikio cha taifa zima. Mhakiki wa fasihi simulizi hawezi kuusikia mwito huo bila ya kukumbuka "Paukwa!" na "Pakawa!" ya mtambaji wa ngano. Mlango uliokuwa na bawabu ulifunguka, na waliopita ni wale ambao bawabu asingewaruhusu.

Ila mlango nao una umbo lake, na apitaye hujikunja kulingana nalo. Anwani hizo mbili zaweza kusomwa kama mbinu ya kifani: maneno mageni kiasi kwamba anayeyaandika hapati kitu kingine, yakirudiwa mpaka msikilizaji ajue la kuandika. Kiitikio kimekuwa anwani ya posta. Gharama yake ni kwamba neno likipatikana na kila mtu haliwi tena la mtaa. Msimbo uliofichwa kwa miaka huweza kuchakaa kwa majuma machache, na wenye nao hawana budi kubuni mwingine.

Lipo pia suala la kumbukumbu. Mnamo Novemba 2019, Bodi ya Kuainisha Filamu nchini Kenya iliulalamikia wimbo "Tarimbo" wa Ethic kwa kutukuza ubakaji. Wasanii waliomba radhi na wimbo ukaondolewa YouTube. Lawama hiyo ilikuwa na msingi. Lakini mtaa ulikuwa na njia zake za kuhukumu utungo mbaya: kubishana nao, kuukejeli, kuujibu kwa utungo mwingine. Njia ya mtandao ni kuwapo au kutokuwapo. Mhakiki, hasa yule anayekusudia kuushutumu utungo, anahitaji matini mbele yake. Hawezi kulihakiki pengo.

Mtafiti anayedhani kwamba amezichunguza tungo za Eastlands kwa kuzitafuta katika simu amechunguza zile tu zilizokubali kutafutika. Zilizobaki zingali vinywani mwa watu. Kazi ya idara za fasihi ni ile ile ya zamani: kwenda Dandora, Kayole na Umoja, kusikiliza, na kuandika kila neno pamoja na mtaa wake, mwaka wake na rika la wasemaji wake, kisha kuhifadhi maktabani kile ambacho wasemaji wameridhia kihifadhiwe. Na pale mzungumzaji anapocheka na kukataa kueleza maana ya neno, hilo nalo liandikwe. Kukataa huko ni sehemu ya maana ya neno lenyewe, na ndiyo sehemu ambayo mtambo hauwezi kuileta.