Usione kivuli ukaegesha! Usiku wetu Mikumi ndani ya kipanya

Hivi wewe mwenzangu wa Kinondoni, Ilala na Temeke, umeshafika Mikumi? Najua utajibu umefika. Ulikuwa ndani ya basi la Mbeya, ukatoa macho dirishani, ukaona pundamilia watatu na shingo ya twiga, ukarudi mtaani ukajigamba kwamba mbuga unaijua. Acha hizo bwana! Wewe ulipita tu. Kutembelea ni habari nyingine.

Mjomba wangu naye alikuwa wa kupita. Tofauti ni kwamba yeye alipita kwa miaka ishirini na tisa, akiendesha lori la mizigo kwenda Tunduma na kurudi. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 1964 na ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu inaikata katikati kwa kilomita kama 50 hivi. Kila safari Mjomba aliliona lango, na kila safari alilipita. Mzigo wa tajiri hausubiri mtu aangalie simba.

Mwaka jana daktari alimwambia ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia linafifia, na usukani asiuguse tena. Mzee hakulia. Alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake, akanunua Hiace chakavu, kile kipanya kilichochoka na ruti, akakipeleka kwa fundi Gerezani. Viti vya nyuma vikafumuliwa, likaingia godoro la nne kwa sita, jiko la gesi, ndoo mbili za maji na pazia la khanga. Nyumba yenye matairi hiyo!

"Mama," akaniambia, "wewe leseni unayo. Utakuwa dereva, mimi nitakuwa utingo wako. Nataka nilale mle ndani usiku mmoja kabla taa hazijazimika."

Sasa mwambie mtu wa namna hiyo huna nafasi! Mwezi wa nane tukaondoka Dar alfajiri.

Kasheshe ilianza tulipofika Doma, kijiji cha mwisho kabla ya kuingia eneo la hifadhi. Swali lilikuwa moja: tutalala wapi? Maana ukiwa na gari la kulala usidhani unaegesha popote unapojisikia. Kando ya barabara kuu ndani ya hifadhi usithubutu. Hapo hupaswi kusimama ukashuka, achilia mbali kutandika godoro. Malori yanapita usiku kucha, na nyati haulizi nani mwenye barabara. Ndiyo maana kuna matuta na vibao vya mwendo wa 50, na bango linalokutajia faini ya kila mnyama utakayemgonga. Lisome uone, twiga hutaweza kumlipa kwa mshahara wako.

Kwa hiyo zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni kwenda mpaka Mikumi mjini, upande wa pili wa hifadhi, ukaomba kuegesha kwenye uwanja wa gesti. Ni rahisi, umeme upo wa kuchaji simu, chipsi zipo, nyama choma ipo. Ya pili ni kulala ndani, kwenye kambi iliyotengwa na hifadhi. Nakiri mbele yenu kwamba mimi nilipigia debe mjini. Mshiko wenyewe ulikuwa wa kuhesabu, na mwenzenu bila chaji siishi.

"Mjini nimelala miaka ishirini na tisa," Mjomba akajibu. "Nawajua mpaka mbu wake."

Nikauchuna.

Getini tukakuta malipo ya aina tatu: kiingilio cha kichwa, kiingilio cha gari kulingana na uzito wake, na malipo ya kulala. Raia tunalipa kwa shilingi, tena kidogo ukilinganisha na mgeni, kwa hiyo usitishwe na bei za dola unazosikia. Ila usije na burungutu la noti, maana malipo ni ya kadi au ya namba ya kumbukumbu. Kambi nazo ziko za aina mbili. Za wote huwa na choo na maji, na utachangia na wengine. Zile maalumu unakuwa peke yako, unalipa zaidi, na kwa kawaida hukuti kitu, kila kitu unabeba mwenyewe. Sisi tulichukua ya wote. Mzee asiyeona vizuri na choo cha kuchimba porini usiku ni vitu viwili visivyopatana.

Uliza pia habari za njia kabla hujakanyaga mafuta. Tambarare ya Mkata ina udongo mweusi unaonata, na kati ya mwezi wa tatu na wa tano mvua ikinyesha, kipanya kinazama mpaka mlangoni. Kiangazi kama tulivyokwenda sisi, hata gari la chini chini linapita njia nyingi, lakini muulize askari kwanza ni zipi.

Basi bwana, tukafika kambini saa kumi jioni. Nikaangaza macho nikaona mkwaju mkubwa, kivuli cha kufa mtu, nyasi zimelala kama zuria. Nikaingiza gari chini yake, nikazima, nikajisifu moyoni kwa kujua kuchagua.

Mjomba akashuka taratibu, mkono mmoja kwenye bodi. Akatembea hatua kumi, akasimama. Akapapasa kitu kwa ncha ya kiatu, akainama, akakishika.

"Mama, hiki ni nini?"

Nikamwambia ni kinyesi, kikubwa kama mpira, kimejaa mbegu za ukwaju.

"Na hizi kokwa ninazokanyaga?"

"Ukwaju umedondoka, Mjomba."

"Sasa wewe umeegesha sebuleni au mezani kwa mwenye nyumba?"

Jamani! Mimi mwenye macho mawili sikuona kitu, yeye mwenye nusu jicho kaiona njia ya tembo kwa kiatu. Wakati huu ukwaju umeiva, na tembo anaupenda kuliko wewe unavyopenda chipsi mayai. Nikawasha gari tukahama, tukasogea mbali na mti, kwenye uwazi wenye ardhi ngumu na iliyonyooka, karibu na wenzetu waliopiga mahema.

Hapo utingo wangu akaanza darasa. Usiegeshe kwenye njia ya wanyama, na utaijua kwa udongo uliokanyagwa ukawa mtupu. Usikae kando ya maji, kiboko hutoka usiku kula majani na hapendi kukuta umemzibia njia ya kurudia. Pua ya gari ielekee njia ya kutokea, usije ukaanza kupiga rivasi gizani. Machungwa na ndizi yasilale ndani ya gari, harufu yake inamwita tembo, na nyani naye mchana hakuombi ruhusa. Sisi tuliyala yote kabla ya jua kuzama, mpaka tumbo likauma. La mwisho ni nguo: bluu na nyeusi acha nyumbani, mbung'o wanazifuata, na wanauma kweli kweli. Mimi nilikuwa na jinzi ya bluu. Sitasema zaidi.

Giza likaingia. Usiku hakuna kuzunguka na gari, kwa hiyo tulikaa ndani, chai mkononi, vioo vimeachwa nafasi ya kidole kimoja. Kwenye saa nane nikashtuka. Tawi linakatika, paaa! Halafu kimya. Halafu lingine. Nikashika tochi, Mjomba akanishika mkono.

"Usimulike. Sikiliza."

Palikuwa na sauti nzito, ya chini, inapanda na kushuka. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka masikioni.

"Sauti yake hiyo," akanong'ona. "Kama lori lililoachwa sailensa mbali. Wako wawili. Huyo wa kushoto ni mdogo, anakata vijiti vidogo."

Mimi sikuona hata mkia. Tulikaa hivyo muda mrefu, mpaka zile sauti zikaondoka zenyewe. Alikuwa bado amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa umelowa jasho. Nikajua naye aliogopa, ila hakutaka kwisha.

Asubuhi tulikwenda kutazama. Chini ya mkwaju, palepale tulipoegesha kwanza, tawi nene kama paja lilikuwa limelala chini, na nyayo kubwa kama sinia zimezunguka pote. Nikamwelekeza mkono wake kwenye ukingo wa unyayo mmoja, akaupapasa mpaka akamaliza duara lote.

"Nimemwona," akasema.

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa tayari njiani kwenda bwawa la viboko, wakati waliolala mjini ndio kwanza wanatafuta chapati. Hiyo ndiyo faida ya kulala ndani, ndugu yangu. Wanyama wanatembea alfajiri, na wewe upo hapo hapo. Yeye alikuwa ananiuliza ni mnyama gani, mimi namtajia, na nikikosea pofu na swala pala ananicheka.

Tuliporudi barabara kuu, lori likatupita likapiga honi. Mjomba akainua mkono kama zamani. Tulipofika Doma tukanunua nyanya, nikataka kumrudishia funguo, maana gari ni lake.

"Kaa nazo," akasema. "Mwakani tutakwenda Ruaha. Ila mahali pa kuegesha nitachagua mimi."