Kofia Aliyoiacha Mama



Mama alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, tulikuta ndani ya kasha lake kofia ya vito ambayo haijakwisha. Ukuta wake ulikuwa umekamilika. Kipande cha juu, kile cha duara, kilikuwa kimeshonwa nusu tu, na sindano ingali imechomwa pale alipoachia. Dada yangu alinikabidhi akasema, "Hii alikuwa akikushonea wewe."

Nikaipeleka kwa mama mmoja wa hapa Mji wa Kale, anayesifika kwa mkono mzuri, ili anikamilishie. Aliigeuzageuza, akaitazama upande wa ndani, kisha akataja shilingi 5,000. Nilishtuka. Nikamwambia kwamba madukani kofia za mashine huuzwa kwa shilingi mia chache, tena nzima, seuze nusu ya kipande. Nikasema nitatoa 2,500. Hakubishana. Alinirudishia kofia kwa mikono miwili, akasema kwa upole, "Maalim, nenda nayo nyumbani ukahesabu matundu. Kisha uje unitajie bei utakayoiona ni ya haki."

Usiku ule nilikaa chini ya taa nikahesabu. Kila tundu limetobolewa kwa sindano, likazungushiwa mishono midogo midogo ili kitambaa kisifumuke, ndipo likafuatwa na jingine. Nilipofika 200 macho yaliniuma, nami sijamaliza hata robo ya ukuta.

Hapo nikamkumbuka Mama, akishona baada ya Alasiri na tena baada ya Isha, miezi kadhaa kwa kofia moja, na bei akaipanga mnunuzi. Kwa fedha hizo alininunulia msahafu wangu wa kwanza na kunilipia ada ya chuo. Sisi watoto tulidhani anajipumbaza tu. Na kweli uso wake ulitulia kila aliposhika sindano. Lakini mtu kuipenda kazi yake si sababu ya kupunjwa ujira wake.

Miaka mingi nimewasomesha vijana Suratul Mutaffifin, inayowaonya wanaojipimia kamili na kuwapunguzia wenzao. Nilikuwa nikiwatolea mfano wa muuza nafaka. Kumbe mizani mbovu ilikuwa mkononi mwangu.

Asubuhi nilirudi, nikampa 5,000 zake na kumwomba radhi. Aliniuliza iwapo atumie uzi wake au ule uliobaki kashani. Nikasema wa Mama. Uliisha kabla duara halijafungika, akamalizia kwa wake. Ndiyo maana vito vya katikati ni vyeupe zaidi kuliko vya pembeni. Huivaa kila Ijumaa.

Ndugu zangu, mke au binti yako anapoomba fedha za uzi na kitambaa, usimwambie anapoteza wakati. Keti naye, uhesabu matundu. Allah awarehemu mama zetu waliotutangulia, na atujaalie kumpa kila mwenye haki haki yake. Amin.