Tulivyoihamisha Nyumba ya Baba

Nashuhudia kwamba nyumba inaweza kuhama na ikabaki nyumba ileile. Yetu imehama mara mbili. Mara ya kwanza ni wakati wa Operesheni Vijiji, nikiwa mtoto. Mara ya pili ni barabara ilipopanuliwa eneo lake, nikiwa mwalimu mstaafu. Safari ya kwanza tulibeba kila kitu isipokuwa msingi, kwa sababu haukuwapo. Safari ya pili tulianza na msingi. Tofauti hiyo imebadilisha maisha ya ukoo wetu, nami naieleza kwa ajili ya wenzangu wa Biharamulo na Ngara ambao kila asubuhi wanafungua mlango na kukutana na alama ya rangi ukutani.

Kwetu ni upande wa Nyakahura, wilayani Biharamulo, kando ya barabara kuu itokayo Lusahunga kwenda Rusumo. Mama ni Mhangaza wa Ngara, baba alikuwa Msubi. Walipooana walikaa mlimani, mbali na barabara, kila mji ukiwa katikati ya migomba yake. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 kila mwananchi wa vijijini awe amehamia kijijini. Mkoa wetu wa Kagera siku hizo bado uliitwa Ziwa Magharibi. Amri ilipotufikia, baba aling'oa milango, madirisha na mbao zake za mninga, zilizopasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni. Akavishusha vyote hadi kwenye mstari wa viwanja uliopangwa kando ya barabara. Akachimbia nguzo, akafunga fito, akakandika udongo. Mvua zilikuwa mlangoni, nani angengoja kusomba mawe? Miaka ya baadaye kahawa ilipompa fedha, alishusha nyasi akaezeka mabati ya geji 28, yale mazito ambayo leo ukiyagonga yanalia kama kengele.

Nyumba ile ilitulea na ilipokea wageni wengi. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takribani siku moja, na kambi ya Benaco ikazaliwa wilayani Ngara. Barabara iliyopita mbele ya mlango wetu, iliyokuwa ikipitisha magari ya kuhesabika, ikawa njia ya malori ya misaada usiku na mchana. Vikombe vilitetemeka kabatini. Tangu hapo nyufa hazikuisha, na kila kiangazi baba alikanda udongo na kuziba.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa chini. Maji ya mvua yakidondoka kutoka kwenye bati yalichimba mfereji kuzunguka nyumba, na matone yakarukia ukuta na kuulainisha. Unyevu ukapanda kutoka ardhini, mchwa wakaufuata. Walikula fito na nguzo kwa ndani huku udongo wa nje ukiwa umesimama vizuri, na chokaa yake juu. Ukigonga ukuta usawa wa bega ulisikia kitu kizima. Ukigonga usawa wa goti ulisikia uwazi. Baba alifariki akiwa bado anaziba nyufa za juu.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Walioumia zaidi ni wenzetu wa Bukoba na Missenyi. Watu walipoteza maisha na maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka. Nilikwenda kuwapa pole ndugu wa upande ule. Niliona nyumba kubwa, zenye mabati mapya na vigae sebuleni, zimefunguka kwenye kona kwa sababu matofali yake hayakushikwa na mkanda wowote. Jirani nazo, nyumba ndogo yenye msingi wa mawe na lenta iliyozunguka kuta zote, imebaki na ufa wa kuziba kwa mwiko. Niliporudi nyumbani sikutazama tena paa. Niliinama nikatazama chini.

Kisha zikaja alama. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, eneo la hifadhi kwa barabara kuu lilipanuliwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Waliokuwa ndani ya eneo la zamani walichorwa X nyekundu, waondoke bila fidia. Waliokutwa na eneo lililoongezeka walichorwa X ya kijani, wenye kustahili fidia. Yetu ilikuwa ya kijani. Mama aliigusa ile rangi kwa kidole, akasema mstari uleule uliotuita karibu na barabara sasa unatusukuma nyuma.

Fidia ya ardhi nchini ina sehemu zake, na ni vizuri kila mtu azijue kabla hajatia saini: thamani ya ardhi na ya maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na posho ya usafiri wa mizigo ya tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20. Tuliketi na kaka zangu tukaisoma karatasi mstari kwa mstari. Fedha ile isingejenga nyumba mpya yenye hadhi, lakini ilitosha kuweka msingi mzuri na kununua sementi na nondo. Kaka mmoja alitaka tugawane, kila mtu ashike njia yake. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Wanangu, baba yenu hakuwaachia udongo. Aliwaachia mbao na mabati. Udongo uacheni uende."

Kwa maneno hayo shauri likaisha. Kiwanja chetu kinapanda kuelekea nyuma, hadi kwenye migomba lilipo kaburi la baba, nje kabisa ya zile mita 30. Tukakubaliana nyumba ipande huko, kwenye ardhi ngumu, mahali ambapo maji hayatuami.

Tulimpata fundi mzee kutoka Rulenge, aliyejifunza uashi ujanani kwenye majengo ya misheni. Nilidhani ataanza na jembe. Alianza na ngazi. Akapanda darini na futi kamba, akapima kenchi moja baada ya nyingine.

"Mwalimu," akaniambia, "kenchi hizi ndizo zitakazotuambia msingi uwe na upana gani. Tukichimba kwanza, tutakata mninga wa mzee bure."

Basi nyumba ya zamani ikaipimia nyumba mpya msingi wake. Fundi akaniagiza chaki, nami nikaandika namba kwenye kila kenchi, kila papi, kila fremu na mlango wake, kisha nikachora mchoro kwenye daftari. Kazi hiyo niliijua kwa kuisoma. Kati ya 1964 na 1968, Misri ilipojenga bwawa kuu la Aswan, mahekalu ya Abu Simbel yalikatwa vipande vikubwa, kila kipande kikaandikwa namba, yakajengwa upya kama mita 65 juu zaidi, maji yasiyafikie. Walioifanya kazi ile walikuwa na winchi na msaada wa UNESCO. Sisi tulikuwa na kamba, vijana wa kijiji na sufuria za maharage. Kanuni ni ileile: usivunje kabla hujaandika.

Msingi ulichimbwa mwezi Juni, mvua zikiwa zimekata. Pembe zilipatikana kwa kamba: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na kama mshazari ni mita 5 kamili, kona imenyooka. Nimefundisha hesabu hiyo ubaoni miaka yangu yote ya kazi, na sikuwahi kuiona ikiwa na vumbi. Kona moja iliangukia kwenye kichuguu. Fundi hakukubali kukiruka. Tulikichimba hadi tukamtoa malkia, na udongo wake mzuri ukafyatuliwa matofali. Mtaro ukashuka mpaka sululu ikaanza kurudi mkononi. Ikamwagwa zege, karai moja la sementi, mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Juu yake mawe ya mlimani, yaliyopangwa kwa saruji hadi usawa wa goti upande wa juu na usawa wa kiuno upande wa bondeni. Juu ya mawe mkanda wa zege wenye nondo, kisha nailoni nzito ya kuzuia unyevu usipande.

Kubomoa kulinifundisha kuchagua. Nilitaka kifusi cha kuta za zamani kijaze chini ya jamvi, ili udongo aliokanda baba ubaki ndani. Fundi alikataa kwa adabu. Udongo wenye fito na mayai ya mchwa, alisema, hauingii chini ya sakafu ya mtu. Tukajaza moramu na kushindilia. Udongo wa kuta ukatandazwa migombani, nguzo na fito zikaingia kwenye tanuru kuchoma matofali. Hakuna kilichotupwa, ila kila kitu kilikwenda panapokifaa.

Kuta za matofali ziliposimama, ikaja zamu ya mabati, nayo yana tabia zake. Bati lililotumika lina matundu ya misumari, na ukiligongelea ovyo utakuwa na chujio juu ya kichwa chako. Fundi alizipanga papi zifuate matundu ya mabati, ili kila tundu la zamani lipate mbao chini yake. Papi zenyewe akazigeuza, msumari mpya uingie upande ambao haujatobolewa. Kila msumari ukawekewa kipande cha mpira. Mvua za Septemba zilitukuta ndani. Nilizunguka na tochi vyumba vyote nikitafuta tone. Sikulipata.

Nyumba ikawa imekaa juu ya mawe. Ilibaki iketi pia juu ya haki, maana mara mbili ilikuwa imeondolewa mahali ambapo hatukuwa na karatasi ya kuonyesha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kuomba hatimiliki ya kimila, na inasema wazi kwamba haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Tuliomba kwenye halmashauri ya kijiji. Mipaka ikatembelewa na majirani, umbali kutoka katikati ya barabara ukapimwa na kuandikwa, na hati ikatoka kwa jina la Mama, langu na la kaka zangu. Yule aliyetaka tugawane fedha ndiye aliyeitunza bahasha.

Hiki ndicho kilichobadilika kwangu. Fedha ya kiangazi iliyokuwa ikiishia kwenye kukandika sasa inalipa ada za wajukuu. Mama, katika uzee wake, analala mvua ikinyesha. Nami siwezi tena kupita penye nyumba inayojengwa bila kuuliza mtaro umefika wapi. Nimekaa na kina mama wajane wa Nyakahura na wa upande wa Benaco, tukipima na kuandika namba kwa chaki, maana wengi wao huambiwa kuhamisha nyumba ni kazi ya wanaume na hati ni mambo ya watu wa mjini. Baada ya kupima, wengine wamegundua kuwa mbao zao bado nzima. Wengine wamegundua mchwa wamemaliza kila kitu, na hilo nalo ni jema kulijua kabla ya kutumia fedha.

Kwa hiyo namwambia mwenye X ukutani: usikimbilie kuvunja, wala usikae ukisubiri mashine ifike. Pima kutoka katikati ya barabara, wewe mwenyewe, mbele ya mashahidi. Soma karatasi ya fidia kabla ya kalamu. Panda darini uone ni kipi kinachofaa kuhama, uandike namba. Fedha ya kwanza iende chini ya ardhi, hata kama majirani watauliza nyumba iko wapi. Na kabla hujapaka rangi, omba hati. Baba alihama akiwa na mbao nzuri na hakupewa muda wa kuweka msingi. Sisi tulipata muda, na wewe unao. Utumie.