Breki za gari la jeneza

Karakana ya wakala wa magari ilipotuandikia kwamba gari la msikiti la kubebea jeneza libadilishwe pedi na diski za breki za mbele, sisi wanakamati tulijikuta tumebeba amana mbili: fedha za waumini na uhai wa abiria. Hatukukataa, wala hatukulipa papo hapo. Fundi wa pili alifungua magurudumu mbele yetu na kupima. Pedi zilibaki milimita 2, hazikufaa kungoja. Diski hazikuwa na nyufa wala kupinda, na unene wake ulizidi kiwango cha chini kilichochapwa juu yake. Tukabadilisha pedi tu.

Ndugu zetu, breki zisicheleweshwe. Lakini kabla ya kulipa, ombeni kuoneshwa kilichochakaa na kipimo chake. Dhana njema haizuii kuuliza.